Ukuta Usio na Mawe

Morogoro, 14 Aprili 1910

Dada yangu mpenzi Atuganile,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha, na mvua za huku zimetuachia matope hadi magotini. Mama hajambo? Na mguu wa baba mdogo Andongwisye unaendeleaje? Waambie nawakumbuka. Waambie pia kwamba huku tunakula ugali mchana na ugali jioni, na ndizi za Bujonde ninazila usingizini tu.

Kuna mfanyabiashara anakuja Tukuyu, nimempa kitambaa cha gauni lako. Akikuambia kililowa njiani, usimwamini.

Sasa neno lenyewe. Hapa karakana ya reli nina rafiki, Nsajigwa, mtu wa Rungwe, Mkristo, seremala kama mimi. Si mgomvi, na mkono wake haujui kulipua kazi. Anatafuta mke aliyesoma. Nilimsimulia habari zako, akaniomba nikuulize. Unajua kwamba baba mdogo amesema tangu tata, baba yetu, afariki mimi ndiye niliyekaa mahali pake, na neno la kukuoza ni langu. Lakini sitaki kukuoza kama mtu anayefunga mzigo. Ndiyo maana nauliza kwanza.

Niandikie kwa Kiswahili kama tulivyopatana, usije ukakisahau huko ufukoni. Nijibu kwa kifupi: unamtaka, au humtaki.

Kaka yako,
Lutengano


Ikombe, 2 Julai 1910

Kaka yangu mpendwa Lutengano,

Ugonile, kaka. Barua yako imefika, na kitambaa kilitangulia, kikavu kabisa. Nimekishona wiki iliyopita. Nashukuru sana. Mama ni mzima, amemaliza kuvuna mpunga na sasa anauanika akigombana na ndege. Mguu wa baba mdogo umepona, ila hataki watu wajue, kwa sababu akionekana mzima ataitwa shambani.

Mimi bado nafundisha wasichana hapa kwa Wakisi. Kila asubuhi ninaposimama mbele yao nakukumbuka wewe. Nilikuwa mdogo, lakini sijasahau ulivyombishia baba mdogo ukamwambia ng'ombe wachungwe na mwingine, Atuganile aende shule. Ungenyamaza siku ile, leo nisingeweza hata kuisoma barua yako. Sijui kama nimewahi kukushukuru kwa maneno. Basi leo nasema kwa lugha yetu: ndaga fijo, asante sana.

Nataka nikuambie nilikokwenda. Unalijua lile boma dogo la Wadachi lililo juu ya rasi, mbele ya Ikombe? Walilihama walipohamia milimani, na siku hizi hakuna anayelilinda isipokuwa pimbi. Jirani yangu Marita, mfinyanzi, yule anayenilisha samaki kama mtoto wake, alisema ni aibu mwalimu akae hapa mwaka mzima bila kupanda kule. Tukaenda watu wanne: mimi, Marita, mwalimu mwenzangu, na mwana wa Marita aliyepiga kasia.

Njia ni kali. Marita ana mwili mkubwa na ulimi mkubwa zaidi. Akanigeukia katikati ya mlima: "Mwalimu, umesoma vitabu vyote, cha kupandia mlima hukukifikia?"

Mwalimu mwenzangu akamjibu, "Mama, hicho kililiwa na mchwa."

"Basi na yeye mchwa walimla magoti."

Tulipofika juu niliacha kucheka. Kaka, sikujua kwamba nchi yetu iko hivyo. Ziwa lote la kaskazini linalala chini yako kama kitu kilichowekwa mezani. Upande wa kulia milima ya Wakinga inashuka mpaka majini bila kuacha hata nafasi ya kusimama mtu. Mbele nikaona Mwaya na midomo ya mito, na nyuma yake tambarare yetu, kijani, na moshi mwembamba huku na huku. Nikajiambia ule ni moshi wa mama, huko Bujonde. Haukuwa wake, najua, ni mbali mno. Lakini nilikaa nikautazama kama wake. Ng'ambo kabisa, ambako ni kwa Waingereza, palikuwa na rangi ya majivu tu.

Boma lenyewe ni dogo. Mzinga waliuondoa, pamebaki mahali uliposimama, na handaki limejaa majani. Ukuta bado mzima. Umejengwa kwa vile vigumu vya kijivu vya ufukoni, vilivyopandishwa kule kwa vichwa vya watu. Vingine ni vikubwa kama kondoo aliyelala. Niliweka kiganja juu ya kimoja, kikawa cha moto kwa jua. Katika ukuta kuna matundu ya bunduki. Ukichungulia unaona kipande kidogo cha maji, lakini unakiona vizuri kuliko ukiwa umesimama wazi. Nilichungulia kwa muda mrefu mpaka Marita akauliza kama nimewaona maadui. Nilikuwa nafikiri kwamba na mimi nimejengwa hivyo. Naona kidogo, kwa tundu, na ninachokiona hakinitoki.

Nilijua tata alifanya kazi pale. Mama hasemi habari zake na mimi uso wake siukumbuki. Nilipokuwa nikishuka nilihisi shukrani bila kujua ni ya nani.

Mpe Nsajigwa salamu zangu. Nasikia ni mtu mwema.

Dada yako,
Atuganile


Morogoro, 20 Agosti 1910

Atuganile,

Nakusalimu. Mimi ni mzima. Wasalimie wote.

Nilikuuliza habari za mume, wewe umeniandikia habari za ukuta. Haya. Barua yako ni nzuri, na mimi kwa kujivuna nikamsomea Nsajigwa, ili asikie dada yangu anavyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Soma tena pale penye ukuta." Nikasoma. Akauliza, "Umejengwa kwa nini?" Nikamwambia, kwa mawe, kwa nini kingine? Akasema, "Wewe umesema mawe. Yeye hakusema."

Tukapitia karatasi yote. "Vile vigumu vya kijivu." "Vingine." "Kimoja." Mtu amekwenda kwenye boma la mawe, amegusa jiwe, ameandika kurasa mbili, na hakuna jiwe hata moja! Nsajigwa alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Rafiki yangu, dada yako ana baba mkwe." Akatoka nje.

Mimi na wewe tumelelewa na mama ambaye kwa desturi hawezi kulitaja jina la babu, baba mkwe wake, na kwa kuwa jina la babu linafanana na moto, mpaka leo moto anauita "kile cha jikoni". Kwa hiyo usinifanye mjinga. Nani anaitwa Mawe? Kwa lugha yetu, Mabwe. Ninamjua mmoja tu, Mkisi mwenye mtumbwi, mtu wa huko huko Ikombe. Na yule mwana wa Marita aliyepiga kasia, mbona umemnyima jina?

Sasa nisikilize. Mabwe ndiye aliyemchukua tata. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama, mimi nilisimama ukingoni pale Mwaya, nikaona. Askari waliwakusanya wanaume wa kujenga boma lile, na yeye akawapakia katika mtumbwi wake kama anavyopakia vyungu. Tata alinipungia mkono. Aliporudi alikuwa mgonjwa wa kufa, ametupwa kwenye matete kama mzoga, wanawake waliokwenda kuteka maji ndio walimwokota. Alilala kwa mama siku chache, akafa. Na huyo ndiye umemchagua awe baba mkwe wako, tena unamwogopa na kumstahi kabla mimi sijasema lolote!

Niandikie neno hilo. Sitaki maelezo. Chukua karatasi uandike "mawe". Ni Kiswahili, si jina la mtu, Kiswahili hakina mkwe. Ukiliandika nitajua hujafungwa, na tutasahau yote. Usipoliandika, mtafute mwingine wa kukuoza.

Lutengano


Morogoro, 29 Oktoba 1910

Atuganile,

Tarishi amekuja mara mbili, hana kitu changu. Je, wewe ni mgonjwa? Mama je?

Nsajigwa hajaniuliza tena. Anafanya kazi yake. Jana alinisaidia kubeba ubao.

Andika chochote.

Lutengano


Ikombe, 6 Novemba 1910

Kaka yangu mpendwa,

Sisi sote ni wazima, na mvua za kwanza zimenyesha. Mama anakusalimu. Nimechelewa kwa sababu barua yako ilinigonga. Kwa siku nyingi nilifundisha kama mtu aliyelala. Sikuyajua hayo ya tata, hakuna aliyewahi kuniambia mtumbwi ulikuwa wa nani.

Neno uliloniomba siwezi kuliandika. Nilikaa na karatasi, nikajaribu. Mama wa misheni anatufundisha kwamba desturi hii imepita, tumpe baba mkwe mkono na kumtazama usoni. Hakuna aliyenilazimisha, wala mtu wa huku hajui ninachoandika. Lakini Julai, nilipokuwa nakuandikia habari za ukuta, kalamu ilifika kwenye neno hilo ikasimama. Ndipo nikajua jibu la swali lako. Sikukuficha wewe tu, kaka. Nilikuwa nimejificha mimi mwenyewe. Jina la mwana naweza kuliandika: ni Ambilikile. Anapeleka vyungu vya mama yake sokoni, na huwaimbia abiria wake vibaya sana. Hajaniambia neno lolote la kunivunjia heshima. Aliniuliza kama ungemkubali. Nikamwambia sijui.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa Marita, nikamwambia: mama, kaka yangu anasema mume wako ndiye aliyemchukua baba yetu, na mimi lazima nisikie kwake yeye mwenyewe. Marita akatua chungu alichokuwa anakilainisha. Akasema, "Utamsikiaje, na wewe ukimwona kwa mbali unaruka kichakani kama sungura?" Kisha akafikiri. "Kule juu kuna ukuta."

Basi tukapanda tena. Mimi niliingia ndani ya boma, nikakaa chini ya tundu la bunduki linalotazama Mwaya. Yeye alikaa nje, upande wa pili wa ukuta ule ule. Marita akakaa pale palipokuwa na mlango, anatuona wote wawili. "Wadachi walifikiri wanajikinga na risasi," akasema, "kumbe wanamjengea mwali mahali pa kumkwepa baba mkwe." Akacheka peke yake.

Hakusema nami. Alisema na mkewe, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa na mwingine. Nami nilimuuliza Marita, kwa sauti hiyo hiyo.

"Mke wangu," alisema, "huyo aliyeuliza mwambie kaka yake aliona sawasawa. Mtumbwi ulikuwa wangu, na bunduki zilikuwa nyuma yangu. Nilimchukua. Sasa mwambie na lile ambalo hakuliona."

Kaka, soma polepole, kwa sababu mimi nilisikia polepole.

Tata alibeba kwa muda, akashikwa na homa, akatetemeka mpaka akashindwa kusimama. Msimamizi wa kazi alikataza mtu yeyote kuteremka kabla ukuta haujafika urefu wa mtu. Huyu niliyekaa naye ukuta kati akashuka kwa mkewe, akamwambia, "Yule mtu wa Bujonde anayetuchekesha atafia juu." Marita alikuwa na vyungu tayari kwa soko la Mwaya. Wakamteremsha tata alfajiri, wakamlaza ndani ya mtumbwi, wakamfunika kwa majani yale wanayofungia vyungu, wakapanga vyungu juu na pembeni. Askari akaja na fimbo. Akagonga chungu kimoja kimoja akisikiliza. "Vinalia vizuri," akasema, akachukua kimoja chake, akawaachia.

Hapo Marita aliingilia, hakuweza kuvumilia. "Tuko katikati ya maji," akasema, "natetemeka kuliko mgonjwa, sauti ikatoka chini ya majani: 'Mama, nikifika kwangu mke wangu atajuaje kama nimeiva?'" Alicheka na kulia pamoja. Nami hivyo hivyo. Nimeishi miaka yote hii bila kujua kwamba tata alikuwa mtu wa mzaha. Sasa najua sauti yake.

Hakutupwa, kaka. Walimlaza kwenye matete karibu na mahali wanawake wanapoteka maji, wakarudi nyuma na mtumbwi wakangoja mpaka wakaona amepatikana. Hawakuthubutu kusogea. Watu wa kwetu walikuwa wameapa kumpiga mwenye mtumbwi yeyote, na walikuwa na haki ya kukasirika.

Nikasema, "Mama, muulize: msimamizi hakugundua?"

Akajibu, "Aligundua. Nikamwambia nimesimama mahali pake."

Na alisimama. Alibeba mpaka ukuta ukaisha. Kona ile niliyoiegemea, tata ndiye aliyeianza na yeye ndiye aliyeimaliza. Walimpa viboko pia, hilo amelisema Marita, yeye hakulitaja. Jina analoitwa hakuzaliwa nalo. Wenzake walimpa pale, kwa kumcheka, Mkisi wa mitumbwi na nyavu aliyegeuka kuwa mbebaji wa vile, na jina likamganda. Kaka, jina nisiloweza kulitaja limetokana na mzigo wa tata.

Nilitaka kumshukuru. Lakini siwezi kumsogelea, siwezi kumwita, wala siwezi kumtazama. Nilisema tu, "Mama, nashukuru," na Marita akasema, "Amekusikia." Nikasikia anainuka, anakohoa, anashuka zake. Nilichungulia kwenye tundu baada ya kujua kwamba ameshapita. Ziwa lilikuwa limetulia, na nilimshukuru Mungu kwa kila kitu nilichokiona, lakini kule kumshukuru kwa kupitia mtu bado kunanisumbua. Hakutoshi.

Sasa neno ni lako. Ukikataa, sitatoroka na sitakuchukia. Nitaendelea kufundisha na nitazeeka hapa nikiwa dada yako. Ila neno lile sitaliandika, hata ukikataa. Mwambie Nsajigwa anisamehe. Ni yeye aliyenisoma vizuri kuliko wote, na namheshimu kwa hilo.

Dada yako akupendaye,
Atuganile


Morogoro, 3 Januari 1911

Dada yangu mpenzi Atuganile,

Heri ya mwaka mpya. Mimi ni mzima, baada ya siku kadhaa za kutokuwa mzima. Barua yako nimeisoma peke yangu safari hii. Kisha nikampa Nsajigwa aisome mwenyewe, kwa sababu aliombwa msamaha humo ndani. Aliirudisha, akasema, "Basi nimeshindwa na ukuta. Ningeshindwa na mtu ningeona aibu." Jioni alikuja kula kwangu, akala sana. Ni rafiki yangu bado.

Nina jambo ambalo sijawahi kukuambia, si kwa kukuficha, ila sikujua kama lina maana. Zile siku tata alizolala kwa mama, hakulala tu. Aliomba atolewe nje, akakaa kwenye kivuli cha migomba. Akaniagiza shoka lake. Hakuwa na nguvu ya kulinyanyua, kwa hiyo alinishika mikono yangu, akanionyesha jinsi ya kulinoa, pembe ya makali, mahali pa kuweka kidole gumba ili usijikate. Nilipokosea alinitania. Nilikosea makusudi ili anitanie tena. Wewe ulikuwa unatambaa juu ya miguu yake, na alikuita jina lako mara nyingi bila sababu, kama mtu anayeonja kitu.

Yote ninayoyafanya hapa karakana yametoka pale. Nimekuwa nikisema kwamba Mabwe alituibia baba. Kumbe zile siku ndizo alizotupatia yeye. Bila yeye tata angezikwa juu ya rasi, na mimi nisingejua kunoa hata kisu, na wewe usingekuwa umeitwa na baba yako hata mara moja.

Nimeomba ruhusa, wamenipa. Nitakuja mvua zikipungua. Mwambie baba mdogo kwamba neno langu ni ndiyo. Mwambie Ambilikile namkubali, lakini akinivusha asiimbe.

Na lile linalokusumbua, niachie mimi. Wewe ni mkwe, umekatazwa. Mimi sikatazwi. Nitapita Bujonde nimchukue mama, atembee mpaka Ikombe. Nitasimama mbele ya mzee huyo, nimtazame usoni kwa niaba ya sisi wawili, nimshike mikono yote miwili, na mbele ya watu wote nitalitaja jina lake kwa sauti, ili wewe ulisikie huko utakakokuwa umejificha:

Mabwe, ndaga fijo.

Kaka yako,
Lutengano